Swali Kwanza, Picha Baadaye: Kufundisha Jiografia kwa Kishikwambi Kigoma

Vishikwambi vilivyotumika kutuhesabu kwenye sensa ya Agosti 2022 viliishia mikononi mwa walimu. Kwenye ofisi yetu mjadala wa siku zile ulikuwa mmoja: hiki kitu tukifanyie nini? Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kupakua magoli ya ligi kabla hata ya chai ya saa nne. Mwingine alikifungia kabatini, asije akadaiwa kikivunjika. Mimi nafundisha Jiografia katika shule ya kata, upande wa ziwani hapa Kigoma, na somo langu lina balaa yake. Sehemu kubwa ya ninayofundisha ama ni makubwa mno kuonekana kwa jicho, ama yako chini ya ardhi na maji, ama yanakwenda polepole kuliko umri wa binadamu. Miaka yote nilikuwa nayachora ubaoni kwa chaki na kuwaomba watoto waniamini.

Nilikichukua changu kwa hamu, na tangu hapo nimekitumia katika mada nyingi. Kuna vipindi vilivyonoga na vipindi ambavyo watoto walitazama, wakafurahi, kengele ikalia, na siku ya pili hakuna aliyekumbuka kitu zaidi ya rangi. Nimejaribu kuangalia tofauti iko wapi. Haiko kwenye ubora wa video, wala wingi wa vifaa. Iko kwenye kile kilichotokea darasani kabla sijabonyeza kitufe.

Nieleze kwa mfano wa ziwa.

Mada ni bonde la ufa. Swali la kwanza nililowauliza Kidato cha Tatu halikuhitaji umeme: ziwa letu lina kina gani? Watoto wa Kibirizi na Katonga, ambao baba na wajomba zao hukesha majini, walinicheka. "Halina mwisho, madamu." Mmoja akasema babu yake aliwahi kushusha kamba zote zilizokuwamo mtumbwini, zikaisha, na jiwe bado linaning'inia. Nikawaambia wachukue ukurasa mzima wa daftari, wachore Ziwa Tanganyika kana kwamba mtu amelikata kwa panga kutoka Kigoma hadi ng'ambo ya Kongo, nao wamesimama pembeni wanatazama ndani. Karibu darasa zima lilichora bakuli. Wachache walichora shimo kama la kisima. Binti mmoja alichora milima chini ya maji, akaulizwa na jirani yake kaitoa wapi, akajibu kwamba juu kuna milima, chini kwa nini isiwepo.

Hapo ndipo nilipowasha. Ni katuni ya dakika mbili hivi: ganda la dunia linavutwa pande mbili, linapasuka, kipande cha katikati kinadidimia, kuta zinabaki zimesimama, maji yanajaa. Niliisimamisha kabla kipande hakijashuka, nikauliza: kitakwenda wapi? Wakabishana. Wengine walisema kitapanda, kwa sababu ardhi inasukumwa. Wengine walisema kitashuka. Nikaacha wabishane mpaka wale wa kupanda wakaanza wenyewe kuuliza ni nani hasa anayesukuma, kama pande zote mbili zinavuta. Nilipobonyeza tena kipande kikashuka, kelele zilizotoka zilimleta mwalimu wa zamu mlangoni.

Kwa kawaida ningeishia hapo, nitoe zoezi, tuondoke. Lakini kijana mmoja wa dawati la mbele aliuliza jambo lililotuchukulia kipindi chote kilichofuata. "Madamu, mbona kwenye video ziwa ni jembamba hivi, halafu refu sana kwenda chini?"

Tukarudi kwenye chaki. Ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50. Kina chake kikubwa kabisa ni takriban mita 1,470, huko kusini. Huku kwetu kaskazini ni kama mita 1,300. Nikasema tuchore kwa kipimo kimoja, sentimita moja kwa kilomita moja, upana na kina vyote viwili. Daftari halikutosha, wakaunganisha karatasi. Mstari wa juu ukawa sentimita 50. Kina kikawa sentimita 1.3. Kijana aliyeuliza alipima tena kwa rula, hakuamini. Ziwa la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi, kwenye karatasi lilikuwa utepe mwembamba usiozidi upana wa kidole. Aliyetengeneza katuni alilivuta kwenda chini ili picha ionekane vizuri, na hakutuambia.

Tukaendelea na hesabu. Uso wa ziwa uko takriban mita 773 juu ya usawa wa bahari. Toa kina. Wakagundua kwamba sakafu ya ziwa hili, lililo mbali na bahari kiasi kile, iko chini ya usawa wa Bahari ya Hindi kwa zaidi ya mita 500. Hilo hawakulipata kwenye video. Walilipata kwa kutoa namba mbili, lakini bila video wasingekuwa na hamu ya kuzitoa.

Tangu siku hiyo kila picha inayotembea naifuatisha na swali lilelile: hapa wametudanganya wapi? Mishale yenye rangi, dunia inayozunguka haraka, jua lililochorwa karibu na dunia kama jirani anayegonga mlango. Watoto wanapenda sana kumkamata mtu mzima akidanganya, hata akiwa ni kompyuta.

Sasa sauti. Video nyingi za somo langu zinasemwa kwa Kiingereza cha Kimarekani, kinachokwenda mbio. Katika shule za sekondari Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia, lakini mtoto aliyesoma Kiswahili miaka saba ya msingi hawezi kumfuata yule bwana huku anatazama picha huku anaandika. Halafu kuna bati. Mvua za Kigoma zikianza, hata mimi mwenyewe nikisimama mbele nasikika kwa shida, sembuse kispika cha kishikwambi. Kwa hiyo huwa naizima sauti kabisa. Namwita mwanafunzi mmoja aje aisimulie picha kwa maneno yake, wengine wamsahihishe, kisha tunaitazama mara ya pili nikiwapa istilahi za mtihani. Nimeona kwamba anayesimulia ndiye anayejifunza zaidi, kwa hiyo sikubali wawe walewale kila mara. Na msimuliaji wa kwanza naruhusu aseme kwa Kiswahili. Najua wapo watakaonuna. Wanune.

Jua nalo ni adui. Madirisha yetu yana nondo, hayana pazia, na tukiazima projekta ukuta unameta tu kuanzia saa nne asubuhi. Tumetundika vitenge, tumetundika karatasi nyeusi za nailoni, darasa likawa giza lakini joto likawa la kuokea mkate. Siku hizi projekta naitumia asubuhi mapema au siitumii. Kishikwambi kimoja kwa wanafunzi zaidi ya sitini kinawezekana ukipanga makundi: kundi moja linatazama, la pili linachora, la tatu liko kwenye ramani ya ukutani, kila baada ya dakika kumi tunahama. Inachosha. Mwisho wa siku koo halina sauti. Lakini hakuna anayekaa nyuma akitazama visogo vya wenzake.

Chombo nilichokidharau mwanzoni ndicho kilichokuja kunisaidia zaidi: kinasa sauti. Kila simu inacho, kila kishikwambi kinacho, na faili zake ni nyepesi, hazili bando.

Wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Basi Jumamosi moja nilikwenda na wachache wao mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, na kishikwambi changu mkobani, kutafuta maelezo ya uvuvi wa dagaa. Tulimkuta mzee anashona nyavu. Watoto wakamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, wakamweleza wanachotaka na wakamwomba ruhusa ya kumrekodi. Hilo la ruhusa ni sharti langu: sauti tu, hakuna sura, hakuna jina, na asiyetaka tunamshukuru tunaondoka. Mzee alikubali kwa masharti yake pia, kwamba akimaliza wamchezeshee asikie mwenyewe.

Aliwaeleza kwa nini mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi wengi hupumzika. Dagaa huvutwa na taa. Usiku wa giza taa ya mtumbwini ndiyo mwanga pekee, wanakusanyika hapo. Mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, hawana sababu ya kuja kwako. Akaeleza enzi za karabai na jinsi taa za betri na sola zilivyochukua nafasi. Kisha, watoto walipomuuliza kuhusu chini kabisa, akasema huko kuna samaki wakubwa ambao hawajawahi kuvuliwa na mtu.

Jumatatu tuliisikiliza darasani kwa sabufa iliyoazimwa kwa mwalimu wa michezo. Darasa lilikuwa kimya namna ambayo sijaipata kwa video yoyote, kwa sababu ilikuwa ni sauti ya mtu wa kwao, na mawimbi na kelele za mwaloni nyuma yake. Sehemu ya mbalamwezi ilikubaliana vizuri na kitabu cha Biolojia: viumbe wadogo wanaoelea majini hupanda juu usiku, na dagaa huwafuata kwa kuwa ndicho chakula chao. Ile ya samaki wakubwa wa chini ikaleta kazi. Katika Ziwa Tanganyika oksijeni inaishia kwenye kina cha takriban mita 100 hadi 200; maji ya juu na ya chini hayachanganyiki vya kutosha, na zaidi ya hapo samaki hawezi kuishi. Yaani sehemu kubwa ya maji tunayoyaona kila siku haina samaki hata mmoja. Darasa likagawanyika. Kundi moja likasema mzee kadanganya. Lingine likasema mzee anajua pale kamba yake inapofika, na huko alikosema vibaya hakuwahi kufika, kama ambavyo sisi hatukufika. Binti aliyechora milima chini ya maji akauliza swali lililoniacha sina jibu la haraka: "Sasa tutamwambiaje mzee?"

Walikwenda kumwambia, kwa adabu zote. Alicheka, akasema basi samaki hao wamehama.

Rekodi hizo zilitufaa zaidi uvuvi ulipofungwa ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Somo langu lina mada ya utafiti, ambayo kwa kawaida hufundishwa kwa kukariri hatua zake. Safari hii watoto walikuwa na jambo la kuuliza kweli. Walizungumza na akina mama wanaoanika dagaa, wenye maboti, wauza mkaa, mpaka muuza chapati mmoja aliyelalamika kwamba wavuvi wasipokwenda ziwani na yeye hauzi. Tulisikiliza sauti hizo, tukazipanga kwa makundi ubaoni, tukajadili kwa nini wale tuliowahoji sokoni walisema tofauti na wale wa mwaloni, na kama wachache tuliowapata wanatosha kuwasemea wote. Neno "sampuli" halikuhitaji kukaririwa tena.

Picha mnato nazo nimejifunza kuziheshimu. Mwenzangu wa Historia ana picha ya zamani ya meli ya Kijerumani ya Graf von Götzen ikiungwa hapahapa Kigoma, baada ya vipande vyake kuletwa kutoka Ujerumani na kupanda reli ya kati. Ndiyo hii tunayoiita Liemba. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiibua na kuirudisha kazini mwaka 1927. Yeye huiweka picha ile kwenye kioo na kukaa kimya. Watoto wanatazama, wanaanza kuhesabu watu, wanauliza nani kabeba vyuma vile, mbona waliobeba hawajavaa viatu. Video ingekuwa imekwishapita. Mimi nikaiga mbinu yake kwa picha za setilaiti za ufukwe wetu, moja ya kabla na moja ya baada ya maji ya ziwa kupanda miaka ya 2020 na 2021. Nilizipakua mjini kwenye mtandao mzuri, nikaziweka kwenye flashi, nikaziweka pembeni kwa pembeni bila maelezo. Waliiona tofauti wenyewe, na mmoja akaonyesha kwa kidole palipokuwa na banda la shangazi yake.

Mwalimu wetu wa Fizikia ana utaratibu mwingine kabisa. Anatumia majaribio ya kuigiza ya PhET, yanayotengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Uzuri wake ni kwamba mengi unaweza kuyapakua mara moja ukayafungua baadaye bila intaneti, na hayana maneno mengi. Watoto wanaunganisha betri na balbu kwenye kioo, wakikosea waya zinawaka moto wa kuchora, hakuna hasara. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na hayo wakati betri za tochi zinauzwa Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, kwa bei ndogo. Akanijibu kwamba anatumia vyote: kwenye kioo wanakosea bila woga, kisha anawapa betri za kweli na balbu za kweli ambazo wakati mwingine haziwaki, na hapo ndipo wanapojua waya una kutu na betri huisha. Nilikaa kwenye kipindi chake kimoja. Kwenye kioo kila kundi lilifaulu. Kwa betri za kweli lilifaulu moja, na ndilo lililoeleza vizuri kwa nini.

Suala la nyumbani ni gumu na sitalipamba. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Juni kwa vidato vyetu vya chini, tuliona wazi nani ana nini. Kundi la WhatsApp la wazazi lilikuwa na watu wachache, na hao wachache ndio ambao watoto wao wangesoma hata bila kundi. Wazazi wengi wana simu ya tochi. Wasichana wengine wanaishika simu ya kaka yao dakika tano, wakimbembeleza. Kwa hiyo kazi ya nyumbani haipiti tena kwenye WhatsApp. Ikibidi natuma ujumbe mfupi wa kawaida, swali moja, ambalo jibu lake linapatikana nyumbani na si mtandaoni: muulize mtu mzima upepo wa usiku unavuma kutoka wapi kwenda wapi, hesabu mitungi ya maji mnayotumia kwa siku, tazama jua linazama nyuma ya mlima upi. Ujumbe unasomeka kwenye simu yoyote, na majibu yanakuja kwa mdomo asubuhi. Siku ya upepo tulipata majibu yanayopingana, tukalazimika kutenganisha upepo wa nchi kavu wa usiku na upepo wa ziwani wa mchana, na waliokuwa sahihi walikuwa ni wale wenye ndugu wanaotweka tanga.

Gharama? Bando natoa mfukoni, napakua usiku pale linapokuwa rahisi, na kila nilichopakua nakihifadhi mahali pawili, kwa kuwa kadi za kumbukumbu za bei nafuu hufa ghafla. Umeme ukikatika kipindi hakifi, maana andalio langu la somo linaanza na swali na kuchora, na vyote viwili havina waya. Walimu wanaosubiri maabara ya kompyuta ndipo waanze, nadhani watastaafu wakisubiri.

Wenzangu wa shule jirani wakiniuliza waanze na kununua nini, jibu langu huwaudhi: sabufa yenye nafasi ya flashi, kabla ya projekta. Inasikika hata mvua ikinyesha, haisumbuliwi na jua, fundi wa mtaani anaitengeneza, na siku ya mahafali inafanya kazi nyingine. Projekta ije baadaye, pamoja na pazia. Mkuu wetu wa shule la sabufa amelikubali. La pazia bado tunabishana na bodi, wao wanataka kitambaa cheupe kinachopendeza wageni wakija, mimi nataka cheusi.